Kusoma, Gusoma

Chuoni nilipata alama A ya fonolojia, na kwa miaka kadhaa niliamini jambo hilo lina maana kubwa. Nilijua kwamba sauti ghuna ni ile inayotamkwa huku nyuzi za sauti zikitetemeka, na sauti sighuna ni ile ambayo nyuzi zimetulia. Niliyajua hayo kama ninavyoijua namba yangu ya simu. Ungeniamsha usingizini ningekutajia ghuna zote kwa mpangilio, b, d, g, j, v, z na nyinginezo, kisha ningegeukia upande wa pili nikaendelea kulala. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ghuna ina kazi yake duniani. Hilo nilifundishwa Kasulu na mwalimu wa darasa la kwanza ambaye neno lenyewe alikuwa hajawahi kulisikia, tena nilifundishwa nikiwa tayari nimeshaharibu.

Mimi ni mtu wa Tanga, na nalisema mapema ili msomaji ajue anashughulika na nani. Kwetu tunajiona tumezaliwa na Kiswahili mdomoni, na mimi nilijiona kuliko wenzangu wote. Ajira ya kwanza ilinipeleka Kibondo, darasa la sita na la saba, nikakaa huko miaka minne nikisahihisha watu: wanafunzi, muuza duka, hata mama aliyekuwa akiniletea mkaa. Mtu akisema "nimereta", namrudishia "nimeleta" kabla sijapokea alichokileta. Walinivumilia, maana watu wa kule ni waungwana. Kisha nikahamishiwa Kasulu, kwenye shule moja kando ya barabara, nje kidogo ya mji, na mwalimu mkuu akaniambia kwamba pengo alilonalo liko darasa la pili.

Nilinuna. Walimu tunajuana: kuteremshwa madarasa ya chini, kwa wengi wetu, ni kama kuvuliwa cheo. Nilisomea fasihi na isimu, leo naambiwa nikafundishe watoto ba, be, bi! Nilinuna wiki nzima, na nilipochoka kununa nikaenda kuchungulia hayo madarasa ya chini yanaendeshwaje.

Darasa la kwanza lilikuwa mlango wa pili kutoka kwangu. Aliyelishika alikuwa mama wa Kiha, mzaliwa wa Munanila, aliyebakiza miaka michache tu astaafu: mfupi, sauti nzito, kitenge amekifunga juu ya sweta kwa sababu ya baridi ya asubuhi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Watoto tisini na kitu walikuwa wameketi mbele yake, watatu watatu kwenye dawati la watu wawili, na hakuna aliyekuwa akiongea. Ubaoni hapakuwa na herufi hata moja. Ilikuwa wiki ya tatu tangu shule zifunguliwe.

"Wale ambao majina yao yanaanza na mmm," alisema, akilivuta hilo mmm kama ng'ombe, "wasimame."

Wakasimama kumi na kitu. Mmoja alisimama kwa makosa, wenzake wakalitamka jina lake polepole, naye akajisikiliza, akakaa mwenyewe. Hakuna aliyemzomea. Kisha wakaitwa wa sss, kisha wa nnn. Nikajua ninachokiona kwa sababu nilikuwa nimetoka semina hivi karibuni, na kwenye daftari langu kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: utambuzi wa sauti, yaani uwezo wa mtoto kuzisikia na kuzitenganisha sauti katika neno kabla ya kuziona katika maandishi. Nilikuwa nimepigia mstari. Yule mama hakuwa na daftari. Yeye aliuita kufungua masikio, na alisema mtoto ambaye masikio hayajafunguka, herufi anaziona kama wadudu waliokauka ukutani.

Nikaanza kwenda kwake kila nilipokuwa na kipindi kitupu. Mwanzoni nilijidanganya kwamba nakwenda kumsaidia.

Jambo la kwanza alilonivunja nalo kichwa ni majina ya herufi. Nilikuwa nawafundisha wangu nilivyofundishwa mimi: hii ni be, hii ni che, hii ni de. Akaniuliza mbele ya watoto wake, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, be na a zikikaa pamoja zinasemaje?"

"Zinasema ba."

"Hapana. Zinasema bea." Darasa zima likacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa. "Wewe unajua ni ba kwa sababu ulishajua kusoma. Mtoto anakuamini, anakwambia bea, halafu unampiga. Mfundishe inavyolia. Jina lake ataliuliza akikua."

Kweli, mtoto wangu mmoja alikuwa akinisomea "beabea" mahali palipoandikwa baba, nami nikamwita mzembe. Nilirudi darasani nikafuta ubao wote.

Alikuwa na jambo jingine aliloliita kuimba kitabu. Mtoto anasimama, anashika kitabu, anakisoma ukurasa mzima bila kukwama, na sauti inapanda na kushuka vizuri, wageni wanapiga makofi. Yeye anamwacha amalize, kisha anamwambia, "Sasa nisomee kutoka mwisho. Neno la mwisho kwanza." Hapo ndipo mtoto aliyekariri anaanza kutazama dari. Nilikuwa na waimbaji kumi na mmoja darasani kwangu, nao ndio niliokuwa nikijivunia. Nilipowageuzia ukurasa, roho iliniuma, lakini nilifurahi pia, maana sasa nilijua pa kuanzia.

Na ufahamu! Semina nzima ilitufundisha maswali ya ufahamu: nani, wapi, lini, kwa nini. Mama yule hakuuliza hata moja la namna hiyo. Watoto wakimaliza kusoma kwamba mbuzi amekula mahindi ya bibi, anakunja uso kwa umakini mkubwa anawauliza, "Kwa hiyo, yale mahindi yalimlaje mbuzi?" Kisha anatazama macho yao. Anayecheka ameelewa. Asiyecheka anamwita mbele wakasome naye upya, wawili, polepole. Kicheko ndicho kilichokuwa alama yake ya vema, na sijawahi kuona kipimo cha haraka na cha haki kuliko hicho.

Nilimpenda. Nasema wazi, kwa kuwa wakati ule sikusema. Nilizoea kuwapenda walimu wenye vyeti, na huyu cheti chake kilikuwa cha zamani, cha daraja la chini kuliko changu, lakini kila nikitoka darasani kwake nilijiona kama mtu aliyekula akashiba.

Jumapili moja alinialika kwake. Tukakaa barazani, akanimiminia uji wa mtama kwenye kikombe cha bati, akanisogezea. "Soma, mwalimu. Soma."

Nikatazama huku na huku kutafuta kitabu. Nilidhani ni Biblia, nikaanza kujiandaa kumweleza kwa upole kwamba mimi ni Mwislamu. Alipoelewa kilichonitatiza alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao, aliniambia, gusoma ni kusoma kitabu, na ni kunywa kidogo kidogo vilevile, funda moja moja, hasa kinywaji cha moto. "Hata kitabu, mtoto mpya anakinywa hivyo hivyo. Usimharakishe, atajiunguza."

"Kusoma," nikamsahihisha. Mazoea hayana tiba. "Si gusoma. Kusoma."

"Ehe," alisema. "Gusoma." Akanywa uji wake.

Darasani kwangu, upande wa dirishani, alikaa msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye tabia ya kusogeza midomo mwenzake anaposoma. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Burundi, walioingia nchini kama wakimbizi na sasa ni raia. Nyumbani kwao kilizungumzwa Kirundi, ambacho kwa Muha ni kama lugha ya jirani wa ukuta mmoja, lakini kwangu mimi vyote viwili vilikuwa mvua juu ya bati. Mtoto huyu alikuwa amesharudia darasa la kwanza, kwa sababu mwaka ule familia ilishinda shambani Kagerankanda miezi mingi naye akaenda nao.

Baba yake nilimfahamu kwenye kikao cha wazazi. Hakukosa kikao. Alikaa mbele, kofia amevua ameiweka gotini, na ilipofika zamu ya wazazi kusema aliinuka. "Arudie mara moja nilikubali," alisema. "Mara ya pili sina. Akirudia, nitamchukua Kagerankanda akanisaidie gufukuza nyani kwenye mahindi na kulea mdogo wake. Simtishi mtu, walimu. Nasema ili mjue." Akakaa. Hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mtu mwenye shamba kubwa na mikono michache, na sote tuliomsikia tulijua atafanya alichosema.

Mwaka ulipokaribia mwisho ukaja upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kila mwalimu wa darasa la pili alitakiwa kuwapima watoto wake mmoja mmoja kwa kishikwambi na kuandika orodha ya watakaorudia. Utaratibu wake ni rahisi: mtoto anasoma habari fupi kutoka kwenye karatasi, wewe una habari hiyo hiyo kwenye kioo, na kila neno analokosea unaligusa kwa kidole, linakuwa jekundu. Dakika ikiisha kishikwambi kinahesabu chenyewe.

Zamu yake ilipofika alikuja akaketi, akaishika karatasi kwa mikono miwili. Habari ilikuwa ya mama anayetaka kupika na dada anayetumwa maji. Akaanza.

"Mama alitaka gupika maharage. Alimtuma dada guchota maji gisimani."

Nikagusa. Nikagusa tena. Na tena.

"Dada alibeba ndoo na gikapu. Njiani aliona nyani. Akaanza gukimbia."

"Ngoja," nikasema. "Hii herufi gani?"

"K," akasema. Aliitoa vizuri, inavyolia.

"Basi sema kupika."

"Gupika."

"Ku! Ku! Ku!"

"Ku," akasema. "Ku. Gupika."

Mori ulinipanda. Nilikuwa nimepima watoto ishirini na nane asubuhi ile, kichwa kinagonga, na nilimwona ananifanyia makusudi. Nikapiga meza kwa kiganja. Alishtuka, lakini hakuacha kusoma. Alishika mstari kwa kidole akaendelea mpaka mwisho, gu na gi zake zote, na kidole changu kikiwa kinamfuata na wekundu. Dakika ilipoisha kishikwambi kikaonyesha kwamba hajafikia kiwango, na kwa kuwa hajafikia kiwango, maswali ya ufahamu yakafungwa. Hayakutokea kabisa. Mashine ilishaamua kwamba mtu asiyeweza kusoma maneno hana haja ya kuulizwa maana yake, nami sikubishana nayo.

Nikamweka kwenye orodha. Maneno ya baba yake niliyakumbuka, sitajitetea kwa kusahau. Nilijiambia kwamba kumpandisha mtoto asiyejua kusoma ni kumdhulumu, na sentensi hiyo ni kweli, ila haikumhusu yeye. Nikachana karatasi kwenye daftari nikaandika: Ndugu mzazi, napenda kukutaarifu kuwa mtoto wako hajui kusoma. Anashindwa kutofautisha herufi k na herufi g. Kwa manufaa yake, itabidi arudie darasa la pili. Nikaikunja mara nne nikampa mwenyewe aipeleke, kama tunavyotuma barua zote.

Alasiri watoto walipoondoka nilikuwa ofisini nikinywa chai ya rangi, na yule mama wa darasa la kwanza akaja kukaa. Nilimlalamikia. Nilimwambia nimechoka na watoto ambao mwaka wa tatu huu wanaonyeshwa k na bado wanasema g. Akaomba aone. Nikampa kishikwambi, akavaa miwani, akalisogeza jina kwa jina mpaka akafika kwa msichana yule. Alimfahamu, alimfundisha darasa la kwanza mara zote mbili.

"Hapa umemkata," alisema. "Na hapa. Na hapa. Na hapa mbona hukumkata?"

"Hapo alisoma sawa."

"Ni k vilevile."

"Ndiyo, lakini hapo aliisoma."

Akachukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaigeuza nyuma, akaandika safu mbili. Upande mmoja akaweka maneno niliyoyapaka wekundu: kupika, kuchota, kisimani, kikapu, kukimbia, kuteka, kusaidia. Upande wa pili yale mtoto aliyoyasoma sawa: kubeba, kijiji, kidogo, kuvuna, kunawa. Akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia naona mtoto anayebahatisha.

Akanyoosha mkono, akashika kiganja changu, akakiweka kooni mwake mwenyewe, kwenye ngozi. "Vvv," alisema. Koo likatetemeka chini ya vidole vyangu. "Bbb. Ddd." Likatetemeka. "Sasa sikiliza. Sss. Ppp. Ttt." Hakuna kitu. Pumzi tu.

"Hizi naziita zenye mtetemo," alisema, "na hizi naziita kavu. K ni kavu. Sasa ulimi wetu, wa Kiha, na wa Kirundi vilevile, haupendi kavu mbili zifuatane mwanzoni mwa neno. Ikiwepo kavu mbele, kama hii p ya gupika, k inalainishwa inakuwa g. Ikiwa mbele kuna mtetemo, kama v ya kuvuna, k inaachwa ilivyo. Angalia safu zako."

Nikaangalia. Pika, chota, sima, kapu, kimbia, teka, saidia: p, ch, s, k, k, t, s. Zote kavu. Upande wa pili b, j, d, v, n. Hapakuwa na neno hata moja lililokaa mahali pasipo pake. Mtoto wa miaka tisa, aliyepigiwa meza, alikuwa amefuata kanuni moja kwa dakika nzima bila kuteleza hata mara moja.

"Nani alikufundisha hili?" nikauliza.

"Watoto. Miaka yote wanakosea mahali pale pale. Nikajiuliza, mbona hawakosei pengine?" Akavua miwani. "Mwalimu, mtoto asiyeijua k angekosea popote. Huyu ameiona kila ilipo. Ameitambua. Ameangalia na inayofuata mbele, ndipo akaitamka kwa mdomo wa kwao. Na neno lenyewe amelijua, maana asingelijua asingeweza kuligeuza. Wewe umesikia kosa. Mimi nasikia mtoto anasoma."

"Ghuna," nikasema.

"Nini?"

"Zile zenye mtetemo. Zinaitwa ghuna. Na kavu ni sighuna."

"Haya," alisema. "Kumbe zina jina."

Nilitamani ardhi inimeze. Mambo yote aliyonieleza yule mama niliyajua, kipande kimoja kimoja, na niliyajibia mtihani nikapewa A, na nilipokaa mbele ya mtoto ambaye koo lake lilikuwa linanionyesha waziwazi, sikusikia kitu. Yeye hakuwa na jina la chochote, alikuwa na masikio na miaka ya kujiuliza. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yule pale ofisini, huku vidole vyangu vikiwa bado na joto la shingo yake.

Akaniuliza kama nimeshamwandikia mzazi. Nikamwambia barua imeondoka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpigie baba yake." Nikapiga mara sita. Simu haikupatikana. Nyumba yao sikuijua, na mtoto alikuwa ameshaondoka na wenzake muda mrefu. Nikakubaliana na nafsi yangu kwamba kesho nitawahi shuleni kabla ya mtu yeyote.

Nikawahi, lakini nilimkuta baba yake ameshafika. Alikuwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera, baiskeli ameiegemeza kiunoni, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mkeka uliofungwa pamoja na blanketi na sufuria ndogo. Msichana alisimama upande wa pili wa baiskeli. Hakuvaa sare. Alivaa kitenge na ndala.

"Mwakeye, mwalimu," alinipa salamu ya asubuhi ya kwao.

"Mwakeye. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuaga. Tunakwenda Kagerankanda. Lakini kabla sijaondoka nina swali moja, maana usiponijibu litanisumbua njia nzima."

Nikamwambia aulize. Akatoa barua yangu mfukoni mwa koti, akaikunjua mikunjo yake minne, akainyoosha juu ya tandiko la baiskeli.

"Miye gusoma sijui, mwalimu. Mama yake hajui. Jana nimetoka gutafuta kuni nikakuta barua, nikamwambia huyu, haya, nisomee. Akasoma. 'Ndugu mzazi.' Akafika hapa." Aliweka kidole mahali ambapo hapakuwa penyewe, mstari wa chini kabisa. "'Mtoto wako hajui gusoma.' Nikamwambia rudia, sikusikia vizuri. Akarudia, vilevile. Kuna neno manufaa, nikamuuliza ni gitu gani hicho, akanieleza kwa Kirundi kwamba ni faida. Umeandika hajui k wala g. Nikamwambia nionyeshe k. Akanionyesha, ziko nyingi. Nikamwambia nionyeshe g. Akasema, baba, hapa ziko mbili tu." Akainua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Sasa mimi ni mjinga, unieleweshe. Kama huyu hajui gusoma, hii barua jana nani aliisoma?"

Watoto walianza kuingia uwanjani, wakitupita na mifagio yao. Nilikuwa na maelezo marefu tayari, nimeyapanga usiku kucha, ya sauti na kanuni na utaratibu wa kishikwambi. Yote yalinitoka.

"Alisoma mtoto anayejua kusoma," nikamwambia. "Aliyekosea kusoma ni mimi. Nilimsoma vibaya. Nakuomba radhi, baba, na yeye namwomba radhi."

Akaniuliza kama neno hilo nitaliandika pia kwenye karatasi, kama nilivyoandika la kwanza. Nikamwambia nitaliandika sasa hivi mbele yake. Tukaingia ofisini. Mwalimu mkuu alikuwepo, na yule mama wa darasa la kwanza, ambaye nadhani naye aliwahi makusudi. Nilimpa msichana ile habari ya jana akaisoma tena yote, gupika na guchota na gisimani, na sikumkatiza. Alipomaliza nikamuuliza yale maswali ambayo mashine ilimnyima. Kwa nini dada alikimbia? Kwa sababu aliona nyani. Alirudi na nini nyumbani? Bila kitu, ndoo aliiacha njiani. Mama akapika? Hapana, angepikia maji gani? Mwalimu mkuu akacheka. Yule mama hakucheka. Alikuwa akitazama miguu yake na kufuta miwani kwa ncha ya kitenge, akifuta na kufuta.

Nikalifuta jina kwenye orodha. Nikaandika barua ya pili, mistari miwili, na mwalimu mkuu akagonga muhuri. Baba aliipokea lakini hakuitazama. Alimpa binti yake. Akasoma kwa sauti pale pale, kwamba anajua kusoma na mwaka ujao ataingia darasa la tatu. Baba yake akaichukua, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoka nje. Nilimwona dirishani akifungua kamba ya baiskeli, akitoa blanketi moja na kumkabidhi binti yake aliyemfuata, kisha akiifunga kamba upya juu ya vilivyobaki.

Msichana alibaki mlangoni na blanketi lake, hajui aende darasani bila sare au arudi nyumbani kwa mama yake akaivae. Nikamsogelea. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa, na mbele ya baba yake nilishindwa kuliuliza.

"Jana, uliposoma ile barua," nikamwambia, "ulipofika pale paliposema hujui. Baba hawezi kusoma. Mama hawezi. Ungeruka tu. Ungesema barua inasema umefaulu, nani angekubishia? Ulijua kwamba ukisoma hivyo unakwenda Kagerankanda."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema vingine?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama mtoto anavyomwangalia mtu mzima aliyeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Haikuandikwa vingine, mwalimu," alisema.